Watu sita kwenda Iringa: mabegi tujaze nini?

Katibu, St. Paul:
Bwana asifiwe wapendwa, na salamu kwa msio wa kanisani. Ibada yetu ya Kiswahili, ile ya saa nane mchana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la wenyeji hapa St. Paul, Marekani, inatuma watu sita Iringa mwezi wa sita, wiki mbili. Sisi ni watu arobaini tu, wengi wa zamu za usiku, na sambusa tumeuza hadi majirani wametuchoka. Njia yenyewe si ngeni: sinodi ya hapa na Dayosisi ya Iringa ya KKKT, Walutheri wa Tanzania, wana undugu wa Bega kwa Bega tangu 1987. Swali langu ni dogo. Kila mtu ana mabegi mawili ya kilo 23. Tujaze nini? Nguo, dawa, madaftari? Visa haina shida, wanne ni wazaliwa wa kule kule.

Mzee wa Houston:
Katibu, wazaliwa wenye pasipoti gani? Tanzania haina uraia pacha. Ukishaapa uraia huku, pale dirisha la Uhamiaji wewe ni Mmarekani hata ukisalimia kwa Kihehe safi, na visa yako ni dola 100. Tena hiyo ni ya matembezi: kusali, kusalimia, kwenda Ruaha kuona tembo. Mkipanga kuendesha semina au kutibu watu, hata bila malipo, Uhamiaji wanahesabu ni kazi. Wenyeji wawaandikie barua ya mwaliko, muombe visa ya biashara, dola 250. Biashara kweli, kwa wahubiri! Lakini ndilo jina lake. Someni tovuti ya Uhamiaji kabla ya kulipa. Kundi nililosafiri nalo zamani liliandika "utalii" kwenye fomu, huku sote tumevaa fulana za njano zilizoandikwa misheni kifuani. Tulisimama pale saa tatu.

Nesi, Fargo:
Dawa za kugawa msibebe. Zinataka kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na nesi wa huku hamgusi mgonjwa kule bila usajili wa muda wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Panadol zipo Iringa mjini.

Bebeni dawa zenu wenyewe. Kila mwaka nasikia, "mimi nimekulia Kilombero, mbu wananijua." Walikuwa wanakujua. Kinga ile hupungua kadiri unavyokaa mbali na malaria, na watoto waliozaliwa huku hawakuwahi kuwa nayo. Iringa mjini ni baridi, mbu wachache, lakini mtalala Dar na kupita Morogoro. Malarone, kidonge cha kukinga malaria, unaanza siku moja au mbili kabla, unameza kila siku, na unaendelea siku saba baada ya kutoka. Wengi huiacha uwanja wa ndege. Ukipata homa baada ya kurudi, daktari asikie neno Tanzania kabla hajaandika mafua. Ndege ikisimama Addis Ababa au Nairobi zaidi ya saa 12, mtaulizwa cheti cha homa ya manjano. Na sweta! Juni ya Iringa si mchezo.

Mtunza hazina mstaafu, Des Moines:
Niseme ya upande wa pili. Kabla sijaja huku nilitunza hazina ya usharika mmoja wa kijijini, saa mbili za vumbi kutoka mjini. Tulipokea wageni kama ninyi mara tatu. Wa kwanza walikuwa kumi na wawili. Tulinunua magodoro, katoni za maji, dizeli ya jenereta, tukachinja ng'ombe. Kina mama walipika siku sita mfululizo, mahindi yakisubiri shambani. Wageni wakapaka rangi darasa la kipaimara, kazi ambayo vijana wetu wangeimaliza kwa siku mbili. Siku ya kuagana walilia, nasi tukalia. Mimi nililia nikiwa nimeshafunga daftari: sadaka ya miezi miwili ilikuwa imekwisha. Mchungaji aliwaambia wametubariki, na hakusema uongo. Ila hawakuuliza gharama, na mwenyeji hamdai mgeni.

Pigeni simu, na msiishie kwa mchungaji. Ombeni kuongea na mtunza hazina: kulala, kula na mafuta ya gari ni shilingi ngapi kwa mtu kwa siku? Tumeni kabla hamjapanda ndege.

Halafu mnada wa baada ya ibada, mnaukumbuka, mayai, kuku, mkungu wa ndizi. Mgeni mmoja alinunua jogoo kwa laki mbili, vigelegele kanisa zima. Jumapili iliyofuata bibi mmoja alileta jogoo mnene kuliko yule, akanadiwa kwa elfu kumi na tano. Bibi aliinamisha kichwa kama aliyetoa sadaka mbovu.

Kijana wa Nyarugusu, Columbus:
Jambo ndugu zangu. Kama katika hao sita kuna mwenzetu aliyekuja kama mkimbizi na ana green card tu, hajapata uraia, asikate tiketi kwanza. Anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, fomu I-131, aiombe kabla hajatoka Marekani, na ikitoka inadumu mwaka mmoja tu. Yangu ilichelewa, harusi ya dada nikaiangalia kwa WhatsApp. Na akitaka kupitia Nyarugusu, kambi yetu ya wakimbizi kule Kigoma, kusalimia, kambini hauingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, hata kama ulizaliwa humo.

Mama wa Tulsa:
Ndugu wa Makambako watasikia mmefika, wala msijifiche. Wekeni siku tatu za familia mwishoni, kila mtu kwa mfuko wake. Na taslimu ya kundi ikizidi dola 10,000, itangazeni forodhani. Kugawana mifukoni ili isionekane ni kosa.

Katibu, St. Paul:
Nilipiga jana saa nne usiku, kule saa kumi na mbili asubuhi. Nilipouliza gharama mtunza hazina alinyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Ngoja nilete daftari." Wameomba tuje Agosti, mavuno yakiisha. Tutakwenda wanne. Hawataki nguo. Wanataka mtu mmoja akae na vijana awafundishe hesabu za usharika kwenye kompyuta, kwa hiyo huyo ndiye wa dola 250. Nauli za wawili waliobaki zitalipa malazi yetu.

Mzee wa Houston, fulana tulishachapa arobaini, za njano vilevile. Anayetaka kitu cha kuvaa akiosha gari anitafute.