Ziwa Kenyatta: tujenge ukuta, au tuanze na kingo?

Nafungua mjadala huu kwa sababu kila kiangazi kikikaza, hapa Mpeketoni, Lamu, hurudi neno lile lile: tujenge ukuta, maji ya ziwa yasipotee. Tunaukumbuka ukame wa 2016 hadi 2017. Ziwa liligeuka tope na viboko wakafia humo. Hakuna anayetaka kuyaona tena yale.

Lakini napinga kuanza na ukuta; tuanze kwa kulinda kingo za ziwa. Ziwa letu ni la kina kifupi. Kaskazi ikivuma hulikoroga hadi chini, tope linapanda na mbolea na kinyesi vilivyokuwa vimetulia. Jua linakunywa maji, chumvi inabaki. Ukiziba na pa kutokea, kila masika yataingiza udongo wa mashambani na hakuna kitakachotoka.

Juzi alfajiri nilichota kwa kopo pale wanaponyweshwa ng'ombe. Maji ya kijani kama mchicha uliosagwa, yananata vidoleni, na perege watatu wameelea tumbo juu. Ule ukijani ni mwani mdogo mdogo. Mchana hutoa hewa majini, usiku huivuta, basi samaki hukosa pumzi kabla hakujapambazuka. Na baadhi ya mwani huo una sumu ambayo hata ukichemsha maji haitoki. Wanetu wanaoga mle!

Mkulima wa kando ya ziwa: Kaka, shamba hili mzee wangu alipewa na serikali miaka ya 70, tulipoletwa kwenye skimu ya makazi. Ukisema kingo zilindwe, nasikia "hama". Ziwa lilipokauka hukuona mwani, kweli, na maji hukuyaona. Mimi maji ya kijani namwagilia mahindi yakaota. Udongo mkavu naufanyia nini? Na mbona ng'ombe humtaji sana kama mbolea yangu?

Mwenzenu wa Witu: Tazameni mto Tana. Bwawa la Masinga lilikamilika 1981, na wa juu wakapata umeme. Huku delta, mto unakoingia baharini, maziwa madogo kama Shakababo huishi kwa mafuriko ya mto. Mafuriko yakipungua, hayapati maji mapya ya kuyasafisha. Ila tusichanganye: lile bwawa linazuia maji yasifike, ukuta wenu utayashika yaliyofika.

Mwanzisha mada: Shukrani, ndugu wa Witu. Tofauti hiyo ni kweli, lakini kote maji hukosa kupishana, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Kaka mkulima, umenigusa. Ng'ombe wana sehemu yao kubwa, wajengewe birika mbali na ufuo. Wewe sikutaki uhame. Nataka matete yaachwe yaote kati ya mahindi yako na maji, yazuie udongo na mbolea. Ukuta ukija baadaye uwe na mlango wa chini, ufunguliwe masika maji ya tope yatoke. Bila mlango huo bado napinga. Sasa niambie: uko tayari kuacha hatua ngapi kutoka majini, na ulipwe nini kwa hatua hizo?