Mwembe wa Mama na ghorofa nane

Kikundi chetu cha familia kinaitwa "Upanga Nyumbani". Nimemwomba Mama ruhusa nibandike hapa mazungumzo ya Alhamisi jioni kuhusu kiwanja chetu cha Upanga, Dar es Salaam, akakubali kwa sharti kwamba majina yote yatoke. Basi kila mtu nimemwita kwa nafasi yake. Stika na dua za kuforwadiwa nimezipunguza, la sivyo tusingemaliza leo.

Kaka Mkubwa, 18:52
Assalaam alaykum jamani. Mwekezaji ametuma mchoro, picha tatu hizo juu. Kiwanja chetu ni mita 30 kwa 40. Anataka kusimamisha ghorofa 8. Sisi tunatoa ardhi, yeye anatoa pesa, fleti tunagawana. Jumapili anakuja kuchukua jibu.

Shangazi Unguja, 18:55
Wa alaykum salaam. Nane? Na huyo atakayekaa juu ya nane akifungua dirisha atatazama wapi? Uani kwa watu. Marehemu kaka yangu angekuwepo mngethubutu?

Mimi, 18:56
Shangazi, watu wa Dar siku hizi wanaanika nguo bafuni.

Shangazi Unguja, 18:56
Ndiyo maana zanuka uvundo.

Mjomba Nairobi, 19:01
Hamjambo wote. Dada, shikamoo. Nane ni kidogo sana. Hapa Kileleshwa na Kilimani palipokuwa na bangalo moja na bustani sasa ni ghorofa kumi na kitu, na majirani wanalalamika kila siku. Lakini aliyeuza kiwanja halalamiki 😄

Dada wa Ghorofa ya Tisa, 19:04
Mjomba wewe cheka tu. Mimi nakaa huko juu, niulizeni mimi. Lifti yetu ilikufa wiki tatu. Kila ghorofa ina vidato 18, nimevihesabu, mpaka kwangu ni 162. Mtungi wa gesi wa kilo 15 kijana wa chini anaupandisha kwa elfu tano, na akifika ghorofa ya sita anasimama anaomba aongezwe. Mama alikuja kunitembelea, akakaa kitako juu ya chungu cha maua cha mtu ghorofa ya tano, akasema nimshushie chakula hapo hapo.

Mama, 19:06 (ujumbe wa sauti, sekunde 14)
"Na chakula kililetwa, kimepoa. Hebu semeni ya maana, huo mchoro una mwembe au hauna?"

Kaka Mkubwa, 19:08
Mama, mwembe tutaangalia baadaye. La kwanza ni urefu. Mimi ningemwambia apunguze, ziwe tano. Jengo refu ni hatari. Mmesahau 2013, lile la katikati ya mji lililoanguka Ijumaa Kuu asubuhi? Ghorofa 16, watu 36 wakafa.

Mjukuu wa Ardhi, 19:13
Shikamooni wote. Bibi shikamoo. Baba mkubwa, naomba kuingia hapo maana mambo ya majengo ndiyo ninayosomea. Lile la 2013 halikuua kwa kuwa refu. Lilipandishwa kupita ghorofa zilizoandikwa kwenye kibali. Na lile la Kariakoo la Novemba 2024 lilikuwa fupi tu, ghorofa nne, likaangukia watu dukani. Jengo linashikwa na msingi, nguzo na zege iliyopimwa. Swali la kumuuliza mwekezaji ni kibali chake kinasema ghorofa ngapi.

Kaka Mkubwa, 19:14
Hajaomba kibali bado. Anasubiri sisi.

Mjukuu wa Ardhi, 19:14
Basi tuna nguvu ya kusema kabla hajaenda halmashauri. Nimeifungua picha ya pili nikaikuza. Jengo lake ni mita 24 kwa 30. Maana yake linakalia mita za mraba 720 kati ya 1,200 tulizonazo. Pembeni kunabaki mita 3 tu kila upande, mbele 5, nyuma 5. Ghorofa 8 mara 720 ni mita za mraba 5,760 za sakafu.

Mimi, 19:16
Na hizo mita 3 ndimo yapite magari, tenki la maji, jenereta na taka?

Mjukuu wa Ardhi, 19:17
Ndiyo. Sasa sikilizeni hili. Sakafu ileile 5,760 ukiipanga juu kwa ghorofa 12, kila ghorofa inakuwa 480, yaani jengo la mita 20 kwa 24. Pembeni mnapata mita 5 kila upande, na nyuma mkisogeza jengo mbele mnabakiwa na mita 11. Ukienda 16, jengo linakalia 360 tu. Mwekezaji hapotezi sana, ninyi mnapata uwanja.

Shangazi Unguja, 19:18
Kumi na sita!! Huyu mtoto mlimpeleka chuo kusomea nini?

Dada wa Ghorofa ya Tisa, 19:18
Nani atampandishia gesi wa 16 😭

(Hapa zilipita stika tisa. Moja ni ya mbuzi amevaa miwani, aliyeituma anajijua.)

Mjukuu wa Ardhi, 19:25
Shangazi bibi, mimi sipendekezi 16. Naonyesha hesabu tu. Watu tunagombana na urefu kwa sababu ndio unaoonekana barabarani. Kinachoharibu mtaa ni unene, jengo linapogusa ukuta wa jirani huku na huku. Ukiweka sheria ya urefu peke yake, "msizidi nane", kila mtu atajenga nane nene mpaka kwenye fensi. Wapangaji wa miji wana kipimo kingine: jumla ya sakafu zote gawanya kwa kiwanja. Hapa ni 5,760 kwa 1,200, karibu mara tano. Hicho kikishawekwa, mrefu mwembamba na mfupi mnene wanabeba watu walewale, maji taka yaleyale.

Mjomba Nairobi, 19:29
Kijana anasema kweli. Na urefu wenyewe una uongo mwingi. Times Tower hapa ina ghorofa 38, mita 140. Britam Tower ina 31 tu lakini inahesabiwa mita 200, maana juu imewekewa mlingoti wa mita 60. KICC, jumba letu la mikutano la 1973, ina mita 105 na bado ukimwonyesha mgeni picha ya Nairobi ndiyo anayoitambua. Ule mnara wa Upper Hill tulioahidiwa kuwa mrefu kuliko yote Afrika umeishia kwenye msingi. Nikipita pale huwa natazama chini badala ya kutazama juu.

Ba' Mdogo Maskati, 19:33
Salaam alaykum kutoka Maskati. Shemeji, shikamoo. Nimesoma yote, nilikuwa kazini. Huku manispaa haikuachii upake nyumba zambarau. Nyeupe, au rangi ya mchanga, basi. Na majengo marefu hawayataki, mji umeachiwa milima iwe ndiyo mirefu. Anayetaka kukunja shingo aende Dubai, mwendo wa saa tano hivi kwa gari, akatazame Burj Khalifa, mita 828. Mimi nilipanda mara moja. Masikio yaliziba, nikanunua kahawa kwa bei ya kuku.

Shangazi Unguja, 19:35
Huko kuna akili. Na hapa Mji Mkongwe hivyohivyo, huamki tu ukaongeza ghorofa. Tangu tuingie kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 ndiyo kabisa, hata dirisha waulizwa.

Mimi, 19:36
Shangazi, lakini Beit al-Ajaib ilipojengwa 1883 nayo ilipita nyumba zote za mji.

Shangazi Unguja, 19:37
Ile ilikuwa ya Sultani. Nyie ni masultani?

Kaka Mkubwa, 19:40
Turudi Upanga. Hilo la 12, watu wa anga si watakataa? Ndege zinapita.

Mjukuu wa Ardhi, 19:44
Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga tutauliza, lakini sidhani patakuwa na tatizo. Kanuni za kimataifa kwa viwanja vikubwa zinasema ndani ya kilomita 4 jengo lisipite mita 45 juu ya usawa wa kiwanja cha ndege, na ukizidi kwenda mbali mpaka huo unapanda. Sisi tuko karibu kilomita kumi kutoka Julius Nyerere, na ghorofa 12 ni kama mita 38. Wanaobanwa hasa ni wa Kipawa na Kiwalani, walio jirani na uwanja.

Kaka Mkubwa, 19:45
Na kivuli? Jirani wa kusini atatushtaki.

Mjukuu wa Ardhi, 19:49
Nilipiga hesabu wakati wa chakula cha mchana. Mwezi wa sita jua linakaa kaskazini yetu. Saa sita mchana jengo la mita 38 linatupa kivuli kama mita 22 upande wa kusini. Lile la nane lingetupa kama 15. Lakini cha jengo jembamba ni chembamba pia, kinapita kama mkono wa saa. Cha jengo nene kinakaa.

Shangazi Unguja, 19:50
Kivuli Dar ni neema, aachwe ashtaki. Upepo je?

Mjukuu wa Ardhi, 19:53
Hapo Shangazi bibi umegusa penyewe. Upepo ndio mali. Kusi linatoka kusini mashariki, kaskazi kaskazini mashariki. Jengo pana linaziba yote mawili kwa walio nyuma. Halafu tazameni picha ya kwanza, uso mzima wa magharibi ni vioo. Jua la saa kumi litawapikia humo ndani, kila fleti kiyoyozi kutwa. Mzee Beda Amuli aliposanifu soko la Kariakoo aliliwekea paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa, hewa inapita, na maji ya mvua yanateremka kwenye tangi chini. Hiyo ni miaka ya sabini. Sisi leo tunaletewa boksi la vioo.

Mjomba Nairobi, 19:54
Mwambie aweke matundu ya saruji kama ya nyumba zetu za zamani. Na vibaraza.

Dada wa Ghorofa ya Tisa, 19:58
Mimi sikatai 12. Nakataa 12 yenye lifti moja. Andikeni kwenye mkataba lifti mbili, na jenereta inayobeba lifti pamoja na pampu. Maji hayapandi yenyewe. Umeme ukikatika huku kwangu saa mbili tu, bomba linakohoa, nabaki na ndoo ya akiba. Na muulizeni nani atalipia matengenezo mwaka wa tano yeye akishaondoka. Kwetu kila mwenye fleti anasema "mimi nakaa ya pili situmii lifti".

Mjukuu wa Ardhi, 20:01
Shangazi wa ghorofa ya tisa yuko sahihi, na niseme ukweli: ndiyo maana mwekezaji amechora nane nene. Jengo refu linataka lifti zaidi, ngazi mbili za kukimbilia moto, msingi wa kina, na vyote hivyo vinakula sakafu ya kuuza. Ile 5,760 ya kwenye ghorofa 12 haitauzika yote. Atataka tumfidie kwa kupunguza fleti zetu.

Kaka Mkubwa, 20:02
Ngapi?

Mjukuu wa Ardhi, 20:02
Labda moja. Tukibana.

Kaka Mkubwa, 20:03
Fleti moja Upanga mnajua ni kiasi gani?? Kwa ajili ya uwanja mtupu?

Ba' Mdogo Maskati, 20:05
Na maji taka? Bomba la mtaa ule liliwekwa wakati kila kiwanja kina familia moja.

Mimi, 20:06
Hilo ni lilelile kwa nane au 12, Ba' Mdogo, idadi ya watu haibadiliki. Aje na barua kwamba bomba linabeba. Ikiwa halibebi, basi tupunguze sakafu yenyewe, hapo ndipo Kaka atapata tano zake.

Mama, 20:31 (ujumbe wa sauti, dakika 1 na sekunde 20)
"Nimesikiliza yote, mjukuu wangu amenisomea kwenye simu. Mimi na binti wa kazi tumetoka uani na tochi. Tumepima kutoka ukuta wa nyuma mpaka kwenye shina la mwembe. Tumepima kwa kanga, ile ya marehemu, kwa urefu wake. Kanga nne kamili. Sasa niambieni hizo mita zenu, kanga nne ni ngapi?"

Mjukuu wa Ardhi, 20:33
Bibi, kanga moja ni mita moja na nusu. Nne ni mita 6.

Mama, 20:34 (ujumbe wa sauti, sekunde 5)
"Na jengo lake la nane linaishia wapi?"

Mjukuu wa Ardhi, 20:35
Mita 5 kutoka ukuta wa nyuma. Mwembe uko ndani, Bibi. Kwenye mchoro pale ni sebule ya fleti ya chini.

Mama, 20:36 (ujumbe wa sauti, sekunde 4)
"Na la kumi na mbili?"

Mjukuu wa Ardhi, 20:36
Linaishia mita 11. Shina linabaki nje, mita 5 kutoka ukuta wa jengo. Matawi ya upande mmoja tutayapunguza.

(Dakika nzima kikundi kizima kimya. Nikaona "Kaka Mkubwa anaandika…", ikapotea, ikarudi, ikapotea.)

Shangazi Unguja, 20:38
Wifi, lakini kumi na mbili zitachungulia.

Mama, 20:40 (ujumbe wa sauti, sekunde 31)
"Zichungulie. Mwembe una majani. Kaka Mkubwa, mpigie huyo bwana, mwambie Jumapili asije kuchukua jibu letu, aje na mchoro mwingine. Lifti mbili kama alivyosema mwanangu. Mimi nataka fleti ya chini kabisa, mlango wa jikoni utokee uani. Na waambieni wapunguzaji matawi wasubiri, mwembe una maua sasa hivi."

Kaka Mkubwa, 20:44
Sawa Mama. Nimempigia, hapokei. Nitajaribu asubuhi.

Dada wa Ghorofa ya Tisa, 20:45
Umeme umekatika kwangu. Nani yuko mjini anipokee, nashuka.