Samaki gani wanaweza kukaa pamoja katika tangi jipya la matumbawe la lita 240?

Mgeni_wa_Chumvi (Nairobi)

Habari zenu wakubwa. Naomba ushauri wa wale waliozoea kufuga samaki wa maji chumvi. Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 45, yaani takriban lita 240, ingawa kwa sababu ya mawe na mchanga maji yenyewe hayazidi lita 200. Mzunguko wa naitrojeni (bakteria kugeuza sumu za uchafu wa samaki) umekamilika: amonia na nitraiti zinasoma sifuri, uzito linganifu wa maji (kipimo cha chumvi) ni 1.025, na joto ni nyuzi 25. Kwa sasa kuna matumbawe laini machache tu, Sarcophyton na Zoanthus, pamoja na konokono wa kula mwani.

Orodha niliyoiandika ni hii: samaki klauni wawili, kangaja buluu mmoja (Acanthurus leucosternon), vipepeo wawili wa aina ya Chaetodon trifasciatus, Chromis viridis saba, na yule Synchiropus splendidus mwenye michirizi ya buluu na rangi ya chungwa. Muuzaji ameniambia kwamba wote hao ni samaki wa mwambani, kwa hiyo wataelewana. Je, ni kweli? Na nani atangulie kuingia?

Fundi_Tangi (Mombasa)

Karibu sana, ndugu. Kwamba wote wanatoka mwambani hakutoshi. Baharini samaki akifukuzwa huogelea mita chache akatafuta jabali jingine, lakini ndani ya tangi lako hana pa kukimbilia, na atasumbuliwa mchana kutwa mpaka aache kula. Ndiyo maana mimi humwangalia kila samaki kwa chakula chake na kwa eneo atakalolidai kuwa lake, kabla hata ya kuiangalia rangi yake.

Vipepeo uwaache kabisa. Chaetodon trifasciatus hula karibu matumbawe matupu, akidonoa polipu (vijinyama vidogo vinavyounda tumbawe) moja moja, na asipoyapata hudhoofika mbele ya macho yako hata ukimwekea vyakula vya kila namna. Kangaja buluu naye ni samaki wa kwetu na ninaelewa kwa nini umempenda, lakini hukua kupita sentimita 20, hushinda akiogelea huku na huko kutafuta mwani, na tangi lisilofika sentimita 180 humfanya mkali na mwepesi wa kushikwa na ugonjwa wa madoadoa meupe (Cryptocaryon irritans). Atakayekuuzia kangaja wa urefu wa kidole anakuuzia samaki ambaye tangi lako halitamtosha.

Synchiropus hagombani na mtu, ila hula wadudu wadogo mno, hasa kopepodi, ambao tangi jipya halina. Msubiri hadi tangi likomae, pengine mwaka mzima, na hata hapo umchukue aliyezaliwa kwenye ufugaji na kuzoeshwa chakula cha kugandishwa.

Wanaokufaa sasa ni wadogo na wapole, wenye makao tofauti ndani ya tangi. Klauni wawili (Amphiprion ocellaris) watakaa upande mmoja, juu juu. Gramma loreto wa Karibi, wa zambarau mbele na manjano nyuma, atachagua pango na kuning'inia humo, hata kichwa chini. Nemateleotris magnifica huelea katikati ya maji akingoja chakula kipite. Huyu ni mwoga, akishtuka huruka, kwa hiyo tangi lifunikwe kwa wavu hata kama una mmoja tu.

Chini kwenye mchanga ningeweka samaki mdogo Amblyeleotris pamoja na kamba wa jenasi ya Alpheus, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu sijui jambo lingine zuri kama hili katika ufugaji huu. Kamba huyo haoni vizuri. Kazi yake ni kuchimba shimo na kusukuma mchanga nje, mzigo baada ya mzigo, na kila anapotoka hulaza papasi yake moja (unywele mrefu wa kichwani wa kugusia) juu ya mwili wa samaki aliyesimama mlangoni. Samaki akitikisa mkia mara moja, kamba hurudi ndani. Hatari ikikaribia zaidi, samaki naye humfuata kichwa mbele. Mawe yako yasimame juu ya kioo chenyewe wala si juu ya mchanga, maana kamba atachimba chini yake na rundo litaporomoka.

Bi_Mwani (Dar es Salaam)

Nakubaliana na Fundi kwa sehemu kubwa, ila hakugusia wale Chromis saba. Watu huwanunua kwa kundi kwa kuwa baharini huonekana kama wingu juu ya matumbawe. Katika tangi dogo mkubwa wao humwandama mdogo kuliko wote, akishakufa humgeukia anayefuata, na mara nyingi hubaki mmoja au wawili. Badala yao ningeshauri Pterapogon kauderni wawili, dume na jike, kwa sababu madume wawili watauana. Asili yao ni visiwa vya Banggai nchini Indonesia pekee, na wamehesabiwa kuwa hatarini kutoweka tangu 2007, kwa hiyo tafadhali dada au kaka, dai wale waliozalishwa kwenye ufugaji. Dume hubeba mayai mdomoni, na siku hizo zote hali kitu.

Jihadhari pia na wanaofanana. Ukiwa na Gramma loreto, usimlete Pictichromis paccagnellae, ambaye ana rangi zile zile mbili. Kila mmoja atamwona mwenzake kuwa mnyang'anyi wa pango lake.

Mgeni_wa_Chumvi

Nawashukuru sana. Nimewafuta kangaja, vipepeo na Chromis, na Synchiropus atasubiri. Nina swali moja: kwa nini nisichukue klauni wa pwani yetu, Amphiprion akallopisos, pamoja na anemone yake, yule mnyama wa mikono inayochoma ambamo klauni hujificha?

Fundi_Tangi (Mombasa)

Samaki mwenyewe anafaa. Anayekupa shida ni anemone. Akallopisos hukaa katika Heteractis magnifica na Stichodactyla mertensii, ambazo hukua kuwa pana sana, zinataka mwanga mkali na tangi lililotulia kwa muda mrefu. Isiporidhika na mahali pake, anemone hutembea, na kila tumbawe inalopita huchomwa. Ocellaris aliyezaliwa kwenye ufugaji haihitaji kabisa. Wengi huishia kujilaza katika Sarcophyton. Na ukipewa samaki wa hapa, uliza amevuliwa wapi na kama mvuvi ana leseni, maana ndani ya hifadhi za taifa za bahari kama Kisite hairuhusiwi kuchukua kiumbe chochote.

Chukua klauni wawili wachanga wanaotofautiana ukubwa. Wote huanza bila kuwa majike. Mkubwa ndiye atakayegeuka jike, na mdogo atabaki dume, hivyo ugomvi wao huwa mfupi.

Utaratibu wa kuingiza ni kuanza na mwoga, ili mkali akifika akute wenyeji. Kwako aanze Nemateleotris, wafuate Amblyeleotris na kamba wake, kisha Pterapogon, halafu Gramma, na klauni wawe wa mwisho. Baina ya kundi moja na jingine acha wiki tatu au nne upime amonia. Kila samaki apitie karantini katika tangi la pembeni kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu dawa ya shaba inayoua vimelea vya madoadoa meupe huua pia kamba, konokono na matumbawe, na haiwezi kutiwa katika tangi kubwa. Siku ya kumhamisha mgeni, zima taa, wape wenyeji chakula kwanza, ndipo umwachie taratibu upande ulio mbali na pango la Gramma.