Naomba ushauri: kifutu kwenye mikorosho

Habari zenu ndugu. Nipo Tandahimba, msimu wa korosho umekolea. Juzi mama mdogo aligongwa na kifutu kwenye kifundo cha mguu akiokota korosho. Nyoka mwenyewe kajilaza kwenye majani makavu, rangi ile ile, wala hakukimbia. Jirani akafunga mpira wa baiskeli, mwingine akaja na wembe wa kumchanja na jiwe jeusi, lile wanaloamini linanyonya sumu! Nikaufungua mpira hapo hapo, nikamvua kikuku kabla mguu haujavimba, tukawahi hospitali. Anaendelea vizuri, ila wazee wameninunia mpaka leo.

Sasa, mgonjwa hatakiwi kutembea, na usafiri wetu ni bodaboda tu. Mguu mnautulizaje njiani? Na gambuti za kujikinga na nyoka, mnazivumiliaje jua la saa sita?