Naomba ushauri: nimweke mtoto wa dada yangu mtandaoni kuomba mchango?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Newala. Mtoto wa marehemu dada yangu ana miaka 6, ana tundu kwenye moyo, na tumeambiwa twende Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Familia imeshachanga, kuku na mbuzi wameuzwa. Korosho bado, minada inaanza Oktoba, na hata hapo malipo hupitia chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kwanza.

Kijana mmoja ananishauri nipige picha ya mtoto akiwa amelala, kovu la dripu lionekane, niandike namba yangu ya simu na kuisambaza kwenye Facebook na magrupu ya WhatsApp. Anasema bila picha ya kuumiza hakuna atakayetuma hata elfu moja.

Hapo ndipo roho inagoma. Mtoto huyu atakua. Ataiona ile picha, na wenzake wa shule wataiona. Tena nimeshaona picha za wagonjwa zikichukuliwa na matapeli, wanabadilisha namba tu, wanakula wao. Mtu wa Mwanza asiyenijua atanitofautisha vipi na hao? Jina la usajili wa laini litatokea kabla hajatuma, sawa, lakini jina halithibitishi ugonjwa.

Barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia? Nifiche sura yake? Na ustawi wa jamii hospitalini, kuna aliyewahi kupata msamaha wa gharama? Alianzaje?