Tuta la reli ya zamani linaweza kuwa njia ya baiskeli huku Mwanza?

FundiSpoki_Mkuyuni: Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe kipo Mkuyuni. Wateja wangu ni wauza samaki, wabeba mkaa, vijana wa viwandani. Rimu nyingi ninazonyoosha zimekunjwa na magari barabara kuu, na baiskeli nyingine huletwa na ndugu kwa sababu mwenyewe yuko wodini. Hilo linaniuma sana.

Sasa SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, inajengwa. Ile ya zamani ya upana wa mita moja imefika hapa tangu 1928. Siombi ifungwe, mizigo ina haki yake. Nauliza hivi: siku kipande cha karibu na ziwa, huko Mwanza Kusini, kikibaki bila kazi, tuta lake, yaani udongo ulioinuliwa chini ya reli, linafaa kwa baiskeli? Kuna mahali wameshafanya?

MstaafuWaNjia: Mwanangu, mimi nimezeekea kwenye genge la wafanyakazi wa kutunza njia ya reli. Linafaa kuliko barabara nyingi. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza likipanda, kwa hiyo waliojenga walikata vilima na kujaza mabonde ili mwinuko uwe mdogo, mara nyingi usiozidi mita mbili hivi kwa kila mita 100. Mtu mwenye tenga la sangara nyuma atapanda bila kushuka. Kona nazo zimevutwa taratibu, unaona mbali.

Kazi iko juu ya tuta. Ukishang'oa reli na mataruma yanayoibeba zinabaki kokoto, na zile zina ncha, zinakula tairi. Lazima zishindiliwe, kisha changarawe laini au lami. Lakini kabla ya hayo yote kagueni kalvati, zile njia za maji chini ya tuta. Kalvati ikiziba, maji yanapanda upande mmoja na masika moja tu inakata tuta.

MamaDagaa_Kirumba: Shikamoo mzee. Mimi natoka mwaloni, soko la samaki, alfajiri kukiwa bado giza. Njia isiyo na taa wala watu, mwanamke mwenye hela za mauzo hapiti hata iwe laini namna gani. Halafu bodaboda wataivamia wiki ya kwanza. Na wale wenye meza za nyanya kandokando ya reli mnawapeleka wapi?

Baharia_wa_Nyanza: Mama, maswali yako ndiyo yenyewe. Nilipokuwa melini nilikodi baiskeli Liguria, Italia. Kule reli ya pwani ilianza 1872, na mwaka 2001 treni zikahamishiwa njia mpya ndani ya nchi kavu. Tuta la zamani likawa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, kama kilomita 24, kutoka San Lorenzo al Mare hadi Ospedaletti, bahari iko pembeni muda mwingi. Mahandaki ya treni yamewekwa taa, unapita na watoto. Kuhusu wenye meza, nilichokiona kule ni biashara ndogo kufuata njia: vinywaji, mafundi, baiskeli za kukodi. Nyanya zingeuzika vilevile.

Kilichonigusa ni kwamba ukanda ule ulibaki mzima. Ungemegwa viwanja, leo usingepata hata kilomita mbili za mfululizo. Huku kwetu hilo ndilo la kusemea mapema, kabla hata ya kuzungumzia lami.

FundiSpoki_Mkuyuni: Shikamoo mzee, asante sana. Mama Dagaa, bodaboda huzuiwa kwa nguzo za zege kila maingilio, ila nguzo zikibanana sana zinamzuia na mwenye matenga mawili. Nitapima upana wa baiskeli za mizigo zinazopita kijiweni niuweke hapa.

MstaafuWaNjia: Pima na za mkaa. Magunia yakilala ubavu ndiyo mapana kuliko yote.