Mandhari inasifiwa, lakini wasomaji wanairuka

Kalamu Nyepesi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaandika riwaya ambayo sehemu yake kubwa inatokea katika mji wa bandari nilioubuni mwenyewe. Waliosoma rasimu wameniambia kwa upole kwamba maelezo ya mji huo ni mazuri, kisha wakakiri kwamba walikuwa wakiyaruka ili wafike pale ambapo watu wanazungumza. Nimeeleza rangi ya maji, umbo la mapaa, harufu ya kamba za meli na mwanga wa jioni juu ya gati, wala sioni kilichopungua. Hata hivyo ni kweli kwamba mji huo ungeweza kuhamishiwa pwani yoyote duniani na hadithi isivurugike. Ninachotaka kujua ni hiki: mwandishi anawezaje kuonyesha kwamba mahali fulani pana maana kwa watu wake, bila yeye mwenyewe kujitokeza na kumtangazia msomaji kwamba wahusika wanapapenda au wanapahofia?

Mhariri wa Zamani alijibu:

Kwa jinsi ulivyoieleza rasimu yako, sidhani kwamba tatizo ni wingi wa maelezo. Tatizo ni kwamba uliyoyataja yote ni mambo anayoyaona mtu asiye na shughuli yoyote mahali hapo. Rangi, umbo, harufu na mwanga humtosha mpita njia. Mkazi anajua ngazi ipi ya gati huteleza, mlango upi hufungwa mapema, na ni nani asiyetakiwa kukutwa karibu na ghala.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, hasa beti zake zinazohusu majumba ya Pate yaliyobaki magofu. Mshairi hakuridhika kusema kwamba nyumba zimeanguka. Alivitaja vidaka vya ukutani, ambamo wenye nyumba walipanga vyombo vyao vya thamani, kisha akatuonyesha kwamba sasa ndege wa mwituni wamelaza makinda yao humo. Alizitaja kumbi zilizokuwa zikijaa watu, na ndani yake akatusikilizisha mende na nyenje. Kila kitu kimetajwa pamoja na kazi iliyokuwa yake, na kazi hiyo imechukuliwa na kiumbe kisichojua lolote kuhusu waliotangulia. Mtu asiyejua kidaka kilitumiwa kwa nini hawezi kuuona msiba wa ndege kutaga humo. Ni kweli kwamba mshairi anauonya moyo wake waziwazi katika beti nyingine, tena kwa ukali, lakini kwangu mimi beti za majumba zinauma zaidi kuliko maonyo yenyewe.

Kwa hiyo chukua gati lako na ujiulize lilijengwa kwa ajili gani, nani bado analitumia kwa kazi hiyo, na nani ameligeuzia kazi nyingine.

Msomaji Mbishi alijibu:

Ninakubaliana na Mhariri kwa kiasi, ila naona amemfunga mwandishi kwenye njia moja. Kuna mahali ambapo maana haitokani na matumizi wala na kumbukumbu ya fahari iliyopotea, bali na kutazama tu, mradi mtazamaji awe na subira isiyo ya kawaida. Mwezi Oktoba 1974, mwandishi Mfaransa Georges Perec alikaa siku tatu kwenye uwanja wa Saint-Sulpice mjini Paris, akihama kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine, akaandika alichokiona. Kanisa, chemchemi na majengo mengine maarufu aliyaweka kando kwa sababu yalikwisha kuelezwa na wengine. Aliandika mabasi na namba zake, njiwa wanaoruka wote kwa pamoja, na watu waliobeba mifuko.

Ukisoma kurasa za mwanzo unaweza kudhani kwamba unafanyiwa mzaha. Siku ya pili, hata hivyo, mwandishi anaanza kulinganisha na jana: kipi kimebadilika, kipi kimerudi, yeye mwenyewe amekaa wapi safari hii. Uwanja unaanza kuwa na desturi zake, nasi tunaanza kuzijua, ingawa hakuna aliyetuambia kwamba kuna mtu anayeupenda. Kilichofanya kazi hapo ni kurudi.

Nahisi kwamba ndugu Kalamu ameeleza gati lake mara moja tu, kwa aya ndefu, kisha akaliacha. Ningependa alieleze kwa sentensi mbili katika sura ya kwanza, mbili tena katika ya nne, na moja tu karibu na mwisho, kila mara kitu kimoja kikiwa kimehama kutoka pale kilipokuwa. Msomaji ataruka aya ndefu. Sentensi mbili hawezi kuziruka kabla hajazisoma.

Ramani na Dira alijibu:

Naongeza upande wa jiografia, kwa kuwa jambo hili limewashughulisha wanajiografia pia. Yi-Fu Tuan, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alitenganisha nafasi tupu na mahali: nafasi huruhusu mwendo, na mahali hupatikana mtu anapotua, akapafahamu na kupapa thamani. Kwa mwandishi hiyo ni hoja ya vitendo kabisa, kwa sababu inamtaka ajue ni wapi hasa katika mji wake kila mhusika hutua.

Kuna pia utafiti wa mwanaanthropolojia Keith Basso miongoni mwa Waapache, wenyeji asilia wa Amerika, huko Cibecue, Arizona, uliotoka kama kitabu mwaka 1996. Alieleza jinsi mzee anavyoweza kumwonya kijana aliyekosea kwa kusimulia tu kisa kilichotokea mahali fulani panapojulikana, bila kumtaja kijana huyo. Aliyelengwa huelewa. Baadaye, kila apitapo mahali pale, panamkumbusha onyo lile, hata kama mzee amekwisha kufariki. Wengine wote wanapita hapohapo wakiona mawe na miti.

Hilo ndilo ningemshauri mwandishi alitafute, yaani mahali pamoja ambapo watu wawili wanapita wakiwa na mambo mawili tofauti moyoni. Gati likiwa na maana ileile kwa mji mzima, hakuna wa kugombana juu yake, na mtu akitaka kulibomoa hatapata mpinzani wala mtetezi ambaye msomaji atamjali.

Kalamu Nyepesi aliandika tena:

Nimewaelewa, na tayari naona sura ambazo nitazipangua. Limebaki swali moja linalonisumbua: mji wangu ni wa kubuni, nami ninaishi mbali na bahari. Je, nina haki ya kuandika kuhusu bandari?

Mhariri wa Zamani alijibu:

Kuhusu kubuni usiwe na wasiwasi. Kusadikika ya Shaaban Robert ni nchi inayoelea angani, na msomaji haulizi ramani yake, kwa kuwa anaijua kwa namna inavyowatendea wajumbe waliotumwa pande sita na kurudi na habari njema: wanaishia gerezani. Sheria za nchi hiyo zinatosha kuifanya iaminike.

Kuhusu umbali, mwandishi wa Ireland James Joyce aliihama Dublin mwaka 1904, naye riwaya ya Ulysses aliiandika Trieste, Zürich na Paris hadi ilipochapishwa mwaka 1922. Mwaka 1921 alimwandikia shangazi yake barua, akimwuliza kama mtu wa kawaida angeweza kuruka uzio wa chuma wa nyumba namba 7 ya mtaa wa Eccles na kujishusha hadi chini bila kuumia, maana mhusika wake alikuwa amesahau ufunguo. Hakuuliza nyumba ile inapendeza namna gani. Aliuliza mwili wa binadamu unaweza kufanya nini pale.

Mtafute mtu aliyefanya kazi bandarini, nawe umwulize maswali ya aina hiyo: meli ikichelewa ikafika usiku wa manane, ni nani anayeamshwa kwanza; maji yakipwa, kamba inafungwa wapi; na mfanyakazi akifukuzwa kazi leo, ni lango gani ambalo kesho hataruhusiwa kulipita.